Siku Gari la Utafiti Lilipombeba Mjamzito

Mwanangu, ipo siku moja ya masika ambayo nikiikumbuka hata sasa, nimestaafu na nimetulia hapa Isevya, mjini Tabora, moyo hunienda mbio. Nilikuwa mtafiti mchanga wa afya ya jamii. Nilitumwa kwenye vijiji vya magharibi mwa Tabora, kandokando ya ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, kuuliza kwa nini wanawake wa huko wanajifungulia nyumbani.

Nilikuwa namhoji Mama Kalunde, mkulima wa makamo, tuliposikia kilio nyumba ya pili. Mkamwana wake, Tatu, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na sasa damu ilikuwa inamtoka. Zahanati ilikuwa mbali, na siku hiyo imefungwa. Mama Kalunde alinitazama, akalitazama gari letu. Hakuomba. Alisema tu, "Mlikuja kuuliza, mwanangu. Sasa mmeona."

Dereva wetu, Mzee Saidi, alinikumbusha kwa upole kwamba gari lile haliruhusiwi kubeba wagonjwa, na likipata ajali, kibarua chake ndicho kitakachoota nyasi. Alikuwa na watoto wanaosoma. Nilimwambia nitajibu mimi. Akafungua mlango wa nyuma.

Kufika hospitali ya mjini ilibidi tuvuke mbuga, lile bonde pana la udongo mweusi, nayo ilikuwa imejaa maji. Katikati gari likanasa, tairi zikawa zinazunguka bure kwenye tope jeusi. Wanaume waliokuwa wanatoka shamba wakavua viatu, wakalisukuma mpaka likanasuka. Ndani, Tatu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, halafu mkono wake ukalegea. Hapo niliogopa, mwanangu, kuliko siku yoyote. Nikawa namwita jina lake, na Mama Kalunde anamwita kwa Kinyamwezi, mpaka tukaingia mjini na kumfikisha hospitali.

Tatu alipona. Mtoto alizaliwa amekwishakufa.

Baadaye niliitwa na profesa aliyenisimamia, mama mmoja mpole wa sura, mkali wa kazi. Niliingia ofisini mwake nikijua nimevunja taratibu, ingawa moyoni nilitarajia kusifiwa kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nilifanya sawasawa, na la Mzee Saidi atalibeba yeye. Kisha akaniuliza, "Na yule mjamzito wa kabla yake, ambaye hamkuwepo kumbeba, alifikaje hospitali?"

Kazi yangu yote iliyofuata ilikuwa kutafuta jibu la swali hilo: kwa nini mama wa mjini apande bajaji afike, na mwenzake wa ng'ambo ya mbuga asubiri bahati. Nililisema jambo hilo mbele ya wakubwa waliochoka kunisikia. Wengine walininyima nafasi ya kusema. Ilichukua miaka mingi, lakini leo kijiji kile kina chumba cha kujifungulia na muuguzi anayeishi palepale.

Nawe unayeianza kazi hii, ukimkuta mtu anakufa mbele yako, mwokoe kwanza, taratibu utazijibia baadaye. Ila usirudi nyumbani umeridhika na huyo mmoja. Watafute usiowaona, uliza kinachowazuia, na jibu lake ulifikishe kwa mwenye uwezo wa kubadilisha mambo, hata kama hapendi kulisikia. Mungu akupe afya na ujasiri, akulindie wanao, na akufungulie kila mlango utakaoubisha kwa ajili ya wengine.