Glasi ya Tatu ya Ghoumour

Kwa miaka miwili niliamini kwamba Soumana huendesha baiskeli alfajiri kwa amri ya daktari. Ndivyo alivyomwambia mkewe mbele yangu, kwa uso wa mgonjwa, nami sikuwahi kujiuliza ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aimbe njiani.

Ukweli ni kwamba fundi redio huyu wa Agadez, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alikuwa akiiba saa moja. Mchana wa mwezi wa nne huku kwetu ni tanuri. Hata mbuzi hugombania kivuli cha nguzo. Lakini baada ya sala ya alfajiri mchanga huwa bado umepoa, upepo huingia chini ya kanzu na kuitunisha kama kiriba, na Soumana huteremka bondeni akiwa ameachia pedali, miguu hewani, mdomo wazi, akiunywa ubaridi ule kama maziwa.

Mkewe, Hadjara, hakudanganyika na habari za daktari. Alimwekea sharti tu, tangu siku mumewe aliporudishwa juu ya punda, amepikwa na jua.

"Siku jua litakapogusa vijiti vya chini vilivyochomoza kwenye udongo wa mnara wa msikiti kabla hujaingia mlangoni," alimwambia, "baiskeli inakwenda Dosso kwa kaka yangu. Wewe utapanda redio zako."

Kikwazo kilikuwa Ghoumour. Mtuareg huyu, mkulima wa vitunguu, alikuwa na bustani mwisho wa njia, pale Soumana alipojaza maji chupa yake na kugeuza. Na kwa kuwa Watuareg na Wazarma, watu wa kabila la Soumana, ni watani tangu enzi za mababu, hapakuwa na kupita kimya. Ghoumour humketisha mkekani, akawasha mkaa, akaanza chai. Chai hiyo ni glasi tatu, na anayeinuka kabla ya ya tatu amemtukana mwenyeji. Soumana alijua kwamba tusi kama hilo lingesimuliwa harusini hadi wajukuu wake wazeeke.

Ghoumour naye alijua kuwa mwenzake anajua. Kila siku alizidi kuwa mpole na birika lake dogo: alipuliza kaa moja moja, akamimina chai kutoka juu, akairudisha, akaonja, akakunja uso, akaitafuta sukari iliyokuwa mapajani mwake. Hatimaye Soumana alipoifuata baiskeli nyuma ya ukuta wa bustani, aliikuta kiti kimeshushwa vidole vitatu, akarudi mjini magoti yakikaribia kidevu. Alipolalamika, Ghoumour alimjibu kwamba pengine ni yeye anayerefuka kwa uzee.

Asubuhi moja, glasi ya pili ilipotolewa, jua lilikuwa tayari limechungulia. Soumana aliomba haraka kidogo.

"Nyinyi Wazarma wote mlizaliwa kwa miezi saba? Kaa, mtani. Chai haina pedali."

"Mke wangu anaangalia mnara."

"Basi ana la kufanya. Ngoja ichemke."

Soumana aliinama kama mtu anayesikiliza birika. Kisha akalinyakua, likiwa moto vilevile, akalizungushia kilemba. Kitu cha mtani huchukuliwa mchana kweupe, na mwenyewe hana pa kushtaki.

"Siondoki kabla ya glasi ya tatu," alisema akikimbia. "Naondoka nayo."

Nyuma yake Ghoumour alipaza sauti kwa lugha yake, kana kwamba anaionya mitende. Nyuma ya ukuta baiskeli ilikuwa imelala mchangani, gurudumu la mbele likizunguka bado. Soumana hakuwa na wasaa wa kushangaa. Alipanda, chai ikimchoma paja, magoti yakimpiga kifuani.

Hadjara alikuwa mlangoni. Soumana hakuthubutu kutazama juu. Alimimina kilichosalia birikani, glasi moja haswa, akampa kwa mikono miwili. Hadjara akanywa taratibu hadi tone la mwisho, kisha akageukia mnara, uliokuwa unawaka kwa jua kutoka kileleni hadi chini.

"Nilikuwa nakunywa chai," alisema. "Sikuona lilifika lini."

Baiskeli ikabaki. Birika nalo likabaki, mpaka Ghoumour alipolifuata baada ya mavuno ya vitunguu. Siku hiyo ndipo tulipojua kwamba kila alfajiri, kati ya glasi ya kwanza na ya tatu, Tinfana, mke wa Ghoumour, alikuwa nyuma ya ukuta wa bustani akijifunza kuendesha baiskeli, na kwamba miguu yake ni mifupi.