Zamu ya Usiku ya Bi Stamena

"Nimeibiwa maji," Bi Stamena alisema, akaligonga jembe lake sakafuni mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika mezani kwa Spase. "Nimekaa kwenye lango la mfereji toka saa sita usiku mpaka kunakucha, hata tone sikuona. Mgawa maji ni wewe. Niambie nani kayachukua."

Spase hakuinua kichwa. Alikuwa anakula mkate na jibini, na Spase akila, hata nyumba ikiungua itasubiri.

"Zamu yako ilikuwa juzi, Bi Stamena."

"Juzi nilikuwa nyumbani kwangu."

"Juzi nilikufungulia lango kwa mikono yangu. Ukanitukana kwamba nimechelewa dakika tano."

"Mimi ningekutukana, ungekumbuka na matusi yenyewe."

"Nayakumbuka. Ulisema baba yangu alinizaa kwa uvivu."

Nilikuwepo, nimekuja na malalamiko yangu mwenyewe, nikacheka. Bi Stamena akanigeukia. "Cheka, Mitra. Hoho zangu zikikauka, kipupwe kikifika utakuja kwangu tule kicheko."

Tukaenda shambani watatu. Shamba lake liko chini ya kijiji, pale mfereji unapokutana na njia panda ya lami. Alitangulia yeye, hasira zikimsukuma mgongoni, akakanyaga tuta la kwanza. Mguu ukazama mpaka kifundoni. Alipouvuta, mguu ulikuja na kiatu kikabaki. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, ukinywa maji hauwezi kuficha kwa siku tatu.

Akasimama na kiatu kimoja.

"Mvua ilinyesha," akasema mwishowe.

Kijijini kwetu mvua ilikuwa haijanyesha tangu Pasaka. Spase ana mdomo mchafu kuliko wangu, na mimi nasifika, lakini siku ile aliinama, akakichomoa kile kiatu, akakifuta kwa majani, akampa. Afadhali angemtukana.

Hamumjui Bi Stamena, basi nimweleze. Ana miaka sabini na mbili, ni mfupi, mkavu kama kuni za mwaka jana, na hajawahi kuzaa. Mumewe, Trendafil, aliondoka kwenda Australia kutafuta kazi mwaka wa themanini na moja, kama walivyoondoka nusu ya wanaume wa hapa. Alisema miaka miwili. Miaka mitano zilikuja barua na hela, halafu barua bila hela, halafu postamani akaanza kupita upande wa pili wa barabara ili asimwangalie usoni.

Sisi tunalima hoho, na hoho bila maji ya mfereji ni kuni. Kila nyumba ina zamu yake, masaa matatu matatu, mchana na usiku. Zamu ya usiku hakuna aipendaye. Unakesha na jembe, mbu wanakula, asubuhi mgongo si wako. Bi Stamena alikuwa akibadilishana na yeyote aliyetaka. Wewe mpe usiku wako, yeye akupe mchana wake. Karibu miaka arobaini. Tukasema ni wema. Nyuma ya mgongo wake tukasema ni ujinga, na tukaendelea kubadilishana.

Tena tulimsifu. Kijijini kwetu kulala ni aibu. Taa yako isipowaka saa kumi alfajiri, watu wanauliza nani kafa. Anayelala mpaka jua litoke tunamwita boga. Bi Stamena ndiye aliyekuwa mfano wa wasichana wote. "Mimi nalala kama sungura," alikuwa akisema harusini, kifua mbele, "jicho moja, tena si kila siku." Na mama zetu wakitutazama sisi maboga.

Mimi nina deni lake. Miaka ishirini na tatu iliyopita nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, siku ya nane, na mume wangu mguu wake umevunjika, umo kwenye plasta. Mzazi kwetu hatoki nje jua likishazama mpaka arobaini yake itimie, na zamu yetu ilikuwa ya usiku. Bi Stamena akaenda akatumwagilia shamba zima. Zamu hulipwa kwa zamu. Hailipwi kwa kuku wala kwa denari. Kila mwaka nilimwambia nilipe, na kila mwaka alinijibu, "Utanilipa nikizeeka." Kwa hesabu yake alikuwa hajazeeka bado.

Wiki moja baada ya kile kiatu, nesi Elica alikuja kutoka mjini kutoa somo. Alibandika karatasi mlangoni pa duka: usingizi na ugonjwa wa kusahau. Tulikwenda kwa sababu alikuwa anapima presha bure, tusijisifu. Tulikaa shuleni, ambako hakuna mwanafunzi mwaka wa sita sasa, kwenye vile viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu.

Alisema mtu akilala usingizi mzito, ubongo hupata nafasi ya kujisafisha, kama sisi tunavyozoa matope ya mfereji kila msimu wa machipuko. Usiposafishwa, taka hubaki. Akasema wataalamu wameona kwamba waliokosa usingizi miaka mingi, hasa kuanzia makamo, ndio wanaoonekana kuupata zaidi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Mzee Kuzman akanyoosha mkono. "Mke wangu analala masaa kumi, na hakumbuki lini alinipikia mara ya mwisho."

"Nakumbuka vizuri," mkewe akajibu. "Ndiyo maana nalala."

Watu wakacheka. Bi Stamena akasimama katikati ya kicheko hicho. "Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?"

Habari za kile kiatu zilishafika kila nyumba.

"Sikusema hivyo, mama," nesi alijibu. "Wapo waliolala vizuri maisha yao yote na wakaupata. Wapo waliokesha wakafika miaka tisini na akili kama wembe. Na pengine ugonjwa ukianza ndio wenyewe unaofukuza usingizi. Mimi nasema usingizi si uvivu. Ni kitu cha kutunzwa, kama presha. Hata ukiwa umechelewa."

"Na kwa nini hukuja miaka arobaini iliyopita?"

"Nilikuwa sijazaliwa, mama."

"Huo ni udhuru," Bi Stamena akasema, akakaa.

Nilimpeleka mimi kwa daktari mjini. Alimwuliza tarehe, akamtajia maneno matano ayakumbuke, akamchorisha saa. Maneno yalirudi mawili. Daktari alituambia ugonjwa umeanza, bado ni mchanga, na hakuna awezaye kusema kama kukesha ndiko kulikouleta. Lakini akasema alale. Kahawa ya jioni iishe, kitanda saa nne usiku, na zamu ya usiku iachwe kabisa, maana kukesha kunamzidishia.

Tulishuka njia panda tukirudi, akaketi kwenye ukingo wa lango la maji. Nikamwambia, "Limekwisha hilo. Nakupa zamu zangu za mchana, unipe usiku wako."

"Haiwezekani."

"Daktari kasema."

"Daktari ataiangalia barabara?"

Nikadhani ni ule ugonjwa unaosema. Kumbe haukuwa ugonjwa. Barua ya mwisho ya Trendafil, akanieleza, ilisema atarudi kiangazi, na siku hataitaja, ili amshtukize. Basi la kutoka mji mkuu, Skopje, lilikuwa linasimama hapo njia panda saa nane usiku, na kutoka langoni unamwona anayeshuka mpaka vifungo vya koti. Wema wote ule, miaka yote ile, alikuwa amekaa mahali pa kuona.

"Bi Stamena, basi lenyewe lilishafutwa. Miaka kumi na tano sasa."

"Najua. Nimesahau mengi, hilo sijalisahau. Lakini mtu anaweza kuja na gari." Akawa anakwangua matope kwenye kiatu kwa ukucha. "Kusahau maji si kitu, Mitra. Mimi naogopa nitasahau kwamba nangoja. Nitalala kama boga, na yeye apite."

Nikaketi kando yake.

"Na nimechoka," akaongeza, sauti ndogo. "Hamniulizi, lakini nimechoka. Natamani ule usingizi wa usichana. Nilikuwa nalala juu ya majani makavu ghalani, mama anapiga kelele, ananimwagia maji, ndipo naamka. Huo nautamani kuliko mtu yeyote. Mungu anisamehe, kuliko hata yeye."

Nikamwambia, "Nina usiku mmoja wako. Alhamisi naulipa. Nitamwagilia, na barabara nitaiangalia."

"Barabara, siyo simu yako?"

"Barabara."

"Ana kovu kidevuni."

"Atakuwa na miaka sabini na tano, Bi Stamena."

"Kovu halizeeki."

Alhamisi nilikesha. Yalipita malori matatu ya nyanya, na mbweha. Mimi simfahamu Trendafil, aliondoka nikiwa mtoto mchanga, na simpendi kwa niliyoyasikia. Lakini kila taa ilipotokea kwenye kona nilisimama, na mara moja nilijikuta nakiweka kilemba changu sawa.

Saa mbili asubuhi nilikwenda kwake. Madirisha yamefungwa. Spase yuko getini, kapauka uso. "Hajaamka. Bi Stamena hajaamka. Nivunje mlango?"

"Umesikia anakoroma?"

Akasikiliza. Mtu alikuwa anakoroma mle ndani kama trekta la ushirika.

"Sasa vunja uone," nikamwambia. "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Na mimi ndiye nitakayekulaza."

Akatoka saa tatu na nusu, nywele zimesimama, alama ya mto shavuni kama mtoto. Akaketi kwenye ngazi. Nikampa kahawa, ya asubuhi inaruhusiwa.

"Kuna aliyeshuka?"

"Hapana, Bi Stamena."

"Uliangalia?"

"Malori matatu na mbweha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi umelipa. Hatudaiani."

Nikamshukuru, akanywa kahawa mpaka kwenye machicha. Akatazama barabara, iliyokuwa tupu, halafu akanitazama mimi kama ndiyo kwanza nafika.

"Mitra. Kuna aliyeshuka?"

"Hapana, Bi Stamena."

"Basi umelipa," akasema. "Hatudaiani."

Nikamshukuru mara ya pili, kama vile ndiyo ya kwanza.