Isale la Shimo la Tano

Siku za Mdachi, miguuni pa Mlima Meru, palikuwa na mtu jina lake Sumari, mtoto wa mchimba mashimo. Baba yake, mzee Loserian, ndiye aliyezungushia migomba ya ukoo mashimo matano ya kunasia tembo na nguruwe. Kando ya kila shimo alisimamisha kijiti chenye jani la isale lililofungwa fundo, ili mtu alione apite mbali. Mnyama hajui isale.

Ikaja sheria. Bwana wa bomani Arusha akasema mnyama kufa shimoni siku mbili ni ukatili. Mwenye shimo wazi atafungwa mnyororo. Sumari akaajiriwa askari wa wanyama, akaanzia nyumbani, maana hakutaka kumwona baba yake mnyororoni.

"Na mgomba ukivunjwa hauumii?" akauliza mzee.

"Ni amri, baba."

"Haya, fukia. Utawalinda tembo, nao watakulimia."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo alipokosea. Bomani walitaka ushahidi: kila shimo lililofukiwa, isale lake. Sumari akang'oa yote matano kwanza, pamoja na vijiti vyake, ndipo akashika jembe. Alipomaliza la nne mvua ikashuka, akasema moyoni, lililobaki kesho. Asubuhi akatangulia bomani kupeleka masale yake, akasifiwa.

Mzee Loserian macho yalikwisha kufifia. Alikwenda kuiona migomba yake kwa fimbo, akipapasa vijiti. Siku ile alipapasa, hakukuta kitu, akajua mwanawe amemaliza kazi. Akapiga hatua.

Sumari aliporudi alimkuta mkewe Nanyori amesimama njiani.

"Baba yuko shimoni tangu umande haujakauka," akasema. "Anaongea, ila mguu hauko mahali pake."

Wakamtoa kwa kamba. Sumari hakulia. Mikono ilivuta kama ya mtu mwingine.

Siku ya tatu mguu ukawa mweusi. Kwao, anayekuja na isale mkononi kuomba radhi hakataliwi. Sumari akakata jani, akalifunga fundo, akapiga magoti kando ya kitanda cha baba yake.

Mzee akalipokea, akalipapasa fundo kwa kidole gumba.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini hili ungeliacha kule kule."

"Ndiyo, baba."

Akatoka, akachukua jembe, akaenda kufukia la tano, lililokuwa bado wazi. Udongo ulikuwa umelowa mvua. Hakusikia uzito wowote.