Kidonge kwa Kila Zamu

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alichimba dhahabu Nyarugusu. Alikuwa akishuka duarani, shimo refu la mgodi, kabla jua halijachomoza na kupanda likiwa limezama. Mifupa ilipoanza kumuuma, daktari alimpima, akamkuta na upungufu wa vitamini D, akamwandikia kidonge kimoja kikali kila wiki, kwa wiki nane.

Miezi minne baadaye alikuja kwetu Nyahanga akiwa amekonda. Alikunywa maji, akaenda kukojoa, akarudi, akanywa tena. Chakula kilimtia kichefuchefu. Tulidhani ni kisukari, lakini kipimo cha zahanati kilikuwa sawa.

"Ni joto la kule chini mgodini tu, shemeji," aliniambia.

"Na joto ndilo linalokunyima choo siku ya tano leo?"

"Hee! Hata hilo umelihesabu?"

"Dada yako ndiye kahesabu."

Nilimwomba anioneshe kila anachomeza. Akatoa kopo la vidonge vile vya wiki.

"Unakunywaje?"

"Kimoja kila zamu. Nikishuka nimekosa jua, nikipanda nalifidia. Vya daktari viliisha, nikanunua vingine dukani."

Sikumwona mjinga. Kule kila kitu huenda kwa zamu: chakula, betri za tochi, viroba vya mawe. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba vitamini hii hujilimbikiza katika mafuta ya mwili; ziada haitoki upesi kwa mkojo. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu, na figo zinaweza kuharibika. Kiu, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kukosa choo: dalili zote alikuwa nazo. Hata hivyo kusoma si kupima. Siku ileile tulikwenda hospitali na kopo lake.

Kalsiamu ilikuwa juu mno, na figo zilikuwa zimeanza kuelemewa. Alilazwa, akatundikiwa maji, akasimamishiwa vidonge vyote.

"Mama yetu alikufa kwa figo," mke wangu aliniambia kwenye korido.

Siku ya tisa daktari alisema figo zinarudi, ila atapimwa tena na tena kabla ya kufikiria kazi au kidonge kingine. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta bakuli la uji, akala vijiko vitatu bila kichefuchefu, akapumzika, akala cha nne. Mke wangu alitoka nje kulia.