Toa stering, acha mvua: siku wenye hisa walipokata ride yangu hapa Eldoret

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa kukoment na wa kupita kimya kimya mkisoma kwa ofisi simu ikiwa chini ya meza.

Hii ilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Eldoret, na sijaitia chumvi. Nikikosea kitu ni kwa sababu siku hiyo macho yalikuwa yamejaa machozi. Mtaelewa.

Kwa wageni: mimi ni yule dada wa kuchora sets. Nafanya kazi kwa park moja iko njia ya kuenda Turbo, park ya mambo ya movie. Unaingia, unatembea kwa mtaa wa uongo, unakalia kiti cha mfalme wa uongo, unapigwa picha ukitoroka polisi wa uongo. Watoto wanapenda. Maharusi ndio wanapenda zaidi, usiniulize kwa nini.

Mwenye park ni Mama Wambui. Marehemu mzee wake alimwachia godown kubwa ya mahindi na shamba iliyoizunguka, na badala ya kuikodisha kama mtu mwenye akili timamu (maneno ya ndugu zake, si yangu), akajenga mtaa wa movie ndani. Pesa haikutosha, so akauza hisa. Wakulima wa Turbo wakanunua, wenye maduka wa town wakanunua, na mzee mmoja wa malori anaitwa Mzee Abdi akanunua nyingi kuliko wote.

Mwanzo watu walijaa. Lakini mtu akishapigwa picha kwa kiti cha mfalme mara mbili, ya tatu anakuja kutafuta nini?

Gate ikapoa. Wenye hisa wakaanza kunong'ona: tukate hiyo shamba plots, tuuze, kila mtu abebe chake.

Na hapo ndio kulikuwa na moto, wakuu. Nyumba ya Mama Wambui iko ndani ya hiyo shamba, nyuma ya godown. Mkutano wa wenye hisa ukikataa kutoa pesa ya kitu kipya, anapoteza park na pahali pa kulala siku moja.

Akaniita jikoni kwake, akanimwagia chai, akasema, "Chebet mami, nitengenezee kitu watu wakiona wafunge mdomo."

Wueh. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Mama, lala usingizi."

Nikachora. Aki nilichora! Ride ya reli: mnakaa ndani ya gari, mnapita mtaani mbio, na mbele yenu stering, yule shujaa wa movie, yuko kwa pikipiki anafukuza majambazi. Risasi, moshi, kona kali. Na juu ya hayo yote mvua inanyesha, kwa sababu kila mtu anajua stering hafukuzi mtu vizuri kama hakunyeshi.

Mvua ilikuwa ya kupamba tu. Kwa akili yangu, nyama ilikuwa pikipiki.

Sasa sikieni kosa letu.

Tulitangaza mkutano mapema, proposal ikaenda kwa kila mwenye hisa, na picha ya mbele kabisa ilikuwa mvua. Halafu mvua ya kweli ikakataa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, majani yakaanza kujikunja. Kila mchana mawingu yanatokea upande wa Timboroa, yanatuangalia, yanaenda zao. Makanisa yanaomba, misikiti inaomba.

Na sisi tunawaita wakulima tuwaambie watoe pesa tumwage maji wacheze.

Mama Wambui alikuja kushtuka siku chache kabla ya mkutano. "Chebet, hawa watu watatupiga." Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hatungeweza kurudi nyuma.

Siku ikafika. Mzee Kamau, mkulima wa Turbo, ndiye aliombwa afungue kwa sala. Akaombea mvua. Akaombea mvua mpaka chai ikapoa. Amina ya hapo ilitingisha madirisha.

Halafu mwenyekiti, bila huruma: "Chebet, tuonyeshe mpango wako."

Nilisimama. Nikaweka ile picha ya mvua kwa ukuta. Mzee Kamau akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Msichana, hiyo ni mvua?"

"Ndio Mzee. Ya kutengeneza."

"Na hayo maji yanatoka wapi?"

Nikaeleza. Maji ni yale yale: yananyesha, yanapita chini kwa kokoto, yanaingia tangi, pampu inayarudisha juu. Hakuna kinachopotea. Nilikuwa naona nyuso zao, hakuna mtu alikuwa ananisikia.

Mzee Abdi akasimama. Ni mzee mrefu, ndevu amepaka hina, na hana kelele. "Mimi nimezaliwa huko juu, north. Mama yangu alikuwa anatoka asubuhi na anarudi jua likiwa limeshaanza kuinama, juu ya jerican moja ya maji. Wallahi, maji si kitu ya kuchezea. Mimi naona tuuze plots."

Makofi. Wakuu, yalipigwa makofi ambayo sijawahi kupigiwa mimi.

Nikamwangalia Mama Wambui. Alikuwa anakunja ukingo wa sweta yake, anakunja, anakunjua, anatazama dirisha lililoangalia nyumba yake. Hiyo ndio ilinikata.

Nikasema, "Wazee wangu, kabla mpige kura, si mkuje tu muone. Tumejenga kipande kidogo. Mkikataa, mkatae mkiwa mmeona."

Wakaja, wengine kwa kunung'unika, wengine juu tu walitaka kunyoosha miguu.

Kipande chenyewe kilikuwa ndani ya godown: duka moja la uongo lenye veranda, mabati juu, na mbele yake barabara ya udongo mwekundu. Ya udongo kwa sababu simiti ilikuwa imetushinda. Kando nilikuwa nimesimamisha skrini kubwa ya kuonyesha stering wangu na pikipiki yake.

Tumeingia tu, stima ikapotea.

Skrini ikafa, taa zikafa. Kumebaki mwanga kidogo wa jua unaopenya juu kwa zile mabati za plastiki. Jenereta iko kwa fundi. Nikasema kwa roho, Chebet, leo ni leo.

Lakini pampu ilikuwa ya petroli, ile ya kumwagilia shamba, na ilikuwa nje mbali nyuma ya ukuta. Fundi wa pampu hakujua stima imepotea. Yeye aliona watu wameingia, akaiwasha kama tulivyopanga.

Nikageuka nikimbie nimwambie azime. Mama Wambui akanishika mkono. "Wacha," akasema.

Tone la kwanza likapiga mabati. Ta. Halafu lingine. Halafu yakaanza kukimbizana, na mara moja juu yote ikanguruma, ile ngurumo kila mtu aliyelelewa chini ya mabati anaijua mpaka kwa mifupa. Ile ya kufanya mama anyamaze katikati ya sentensi kwa sababu hakuna kusikizana tena.

Na udongo ukatoa harufu.

Hiyo sikuichora. Naapa, kwa makaratasi yangu yote hakukuwa na harufu. Ilipanda tu yenyewe kutoka kwa ule mchanga mkavu, harufu ya mvua ya kwanza, na wale watu wote waliokuwa wanang'ang'ana na plots wakanyamaza.

Mzee Kamau akavua kofia, akanyoosha mkono nje ya veranda, kiganja juu. Mama mmoja wa duka la vitambaa akavua viatu, akavibeba mkononi, akakanyaga matope polepole. Hakuna aliyetoa simu. Fikirieni hiyo, Wakenya mahali pageni na hakuna aliyetoa simu.

Hii kitu nilikuwa nimeipima kwa rula miezi mingi, na sikuwa nimewahi kuiona.

Mzee Abdi alikuwa amebaki mlangoni, mkavu. Halafu akatembea. Na koti yake na viatu vyake, akapita veranda, akaenda kusimama katikati ya barabara, akainua uso. Maji yakamteremka kwa ndevu. Midomo yake ilikuwa inaenda lakini sauti haikufika kwetu. Nikajikuta nalia, na nilipoangalia kando Mama Wambui naye analia.

Petroli ilipoisha, ngurumo ikapungua, ikabaki matone ya mwisho mwisho yakidondoka kutoka kwa mabati. Hakuna aliyetaka kutoka.

Na mimi, mjinga wa kijiji, nikafungua mdomo. "Samahani sana wazee, stima imetuharibia. Stering hajatokea. Ikirudi mtaona pikipiki."

Mzee Abdi akageuka pole pole. "Pikipiki ya nini?"

"Kuna stering, Mzee. Anafukuza majambazi kwa mvua."

Akakamua maji kwa ndevu. "Toa yeye. Acha mvua."

"Na hao majambazi pia toa," Mzee Kamau akadakia. "Watatuharibia udongo."

Godown yote ikacheka, kicheko cha watu waliolowa. Kura ikapigwa hapo hapo, watu wamesimama kwa matope. Plots zilipata mkono mmoja, wa mtu ambaye nadhani alikuwa anajikuna.

Budget ilishuka vibaya, kwa sababu kile kilichokuwa ghali ni reli na gari za kutoka ng'ambo. Iliniuma? Iliniuma sana. Pikipiki yangu nilikuwa nimeipenda. Nilinuna mpaka siku ya pili, Mama Wambui akaniletea chapati za moto.

Mvua ya kweli ilikuja baadaye, kwa roho yake. Wengine mahindi yaliokoka, wengine walilima upya.

Ya kwetu ilifunguliwa. Hakuna hadithi ndani. Unaingia mtaa wa vumbi, unakaa kwa veranda ya duka, unanunua mahindi choma, giza linaingia, radi, halafu hiyo. Tuko na sheria moja, na ni ya Mzee Abdi: mvua ikiwa bado inanyesha, hakuna mtu anaambiwa atoke. Watu wanakuja kutoka mbali. Mama Wambui bado analala kwa nyumba yake.

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa ni hiki.

Kwa kile kiangazi cha mwanzo wa mwaka, Mzee Abdi alikuja na mama yake kutoka north. Mama huyo ni mzee sana, macho hayaoni tena, amebebwa kwa kiti. Mzee Abdi akaomba tumweke pale katikati ya barabara. Tukamweka, tukafungua mvua.

Yule mama alisikiliza. Akavuta hewa kwa pua. Akatoa mikono yote miwili nje ya shuka, akaiweka magotini viganja juu, ikajaa maji. Halafu akamuuliza mtoto wake kitu kwa lugha yao.

Nikamgeukia Mzee Abdi. Nikamuuliza amesema nini.

"Anauliza kama imefika nyumbani pia."

"Na utamwambia nini?"

Akainama kwa sikio la mama yake, akamwambia. Kisha akaniambia mimi: "Nimesema bado, mama, lakini imeanza."

Wakuu, mimi nilikuwa nawauzia watu mbio, kumbe walikuwa wanatafuta pahali pa kusimama. Siku hizi nikipewa kazi, nauliza kwanza watu wa hapo wamekosa nini, ndio nishike penseli.

Nimemaliza. Mnaotaka kubisha, bisheni, mnaotaka kununua mchoro wa pikipiki, bado ninao. Wengine niambieni tu mko wapi, na kama mvua imefika huko kwenu.