Andazi Kati ya Injini na Breki

Fundi wa magari wa mji wa Hamtramck hapimi nafasi kwa rula. Huchomeka ponchki, andazi la jamu lililopakwa sukari, kati ya injini na busta ya breki, kifaa kinachofanya breki iwe nyepesi kukanyaga, kisha huvuta mafuta injini ingurume. Injini ile kubwa hujirusha pembeni kama mlevi anayetafuta ukuta. Jamu ikichuruzika, huilamba kidoleni na kusema, "Bado panabana." Maandazi sita yalikuwa yamepondeka, na Bi Wanda Sobczak alianza kukata tamaa. Goti lake halikuweza tena breki ngumu, na mkwewe alikuwa ameapa kuliuza gari lake Jumamosi ikiwa mama huyo hataweza kulisimamisha mwenyewe.

"Mumeo alitia injini ya lori kwenye gari la harusi," fundi alinung'unika, akifunga kwa kuinamisha busta nyingine, ndogo zaidi.

"Mwache marehemu. Nishughulikie goti."

Andazi la saba lilitoka zima. Fundi akaling'ata, akaenda kusimama mbele ya gari, mgongo ukutani. "Washa gari, uje nalo kwangu, mama."

"Toka hapo, mwehu wewe!" Bi Wanda alifoka kutoka kwenye usukani.

"Busta nimefunga mimi. Unataka nisimame kwa jirani?"

Bi Wanda akaja na gari, akakanyaga breki kwa mguu mbovu, taratibu kama anayekanyaga zulia. Gari likatulia shubiri moja kutoka kwenye kitambi cha fundi. Yeye aliendelea kutafuna, macho juu kama anayesubiri basi. Ila suruali yake yote ilikuwa nyeupe kwa sukari, maana andazi lilikuwa limepondeka ngumini mwake.