Dereva Aliyeogopa Gari Lipone

Kuna watu wanaomwomba Mungu gari lao lisiharibike. Gamaliel, dereva wa Butembo, aliomba lake lisipone, tena kwa kufunga.

Gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mama Mariette, mfanyabiashara wa viazi na kabichi, mwanamke mwenye sauti nyingi na subira kidogo. Matope ya njia ya Masereka yalipomchosha, aliagiza jeep yake ipandishwe juu: chini ikatiwa springi za lori, ikavalishwa magurudumu makubwa, hata kuku wakawa wanapita chini yake bila kuinama. Matope yakakoma kuwa shida. Usukani ndio ulioingiwa na wazimu. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, gari liliruka kushoto lenyewe, kama mtu aliyemwona mkwe wake barabarani.

Madereva walijaribu na kushindwa. Vagheni aliishia mtaroni na kabichi zake. Mwingine aliacha kazi kwa simu, akiwa bado amekaa ndani ya gari. Gamaliel peke yake ndiye aliyegundua ujanja: kabla gurudumu halijatumbukia, yeye alivuta usukani kulia kwa bega zima. Gari likiruka kushoto, yeye yuko kulia, makosa mawili yakakutana katikati, na safari ikaendelea.

Basi akawa mtu mkubwa. Vijana wa sokoni walimwita Dompteur, yaani mfuga simba. Mchungaji Esdras alimtia ndani ya mahubiri, akasema kwamba kama vile gari la mama Mariette linavyomtii mmoja tu, ndivyo na moyo wa mwamini. Jumapili ile Gamaliel alitoka kanisani akitembea polepole ili wote wamwone. Mkewe Adèle, aliyemkanda bega kila jioni, hakuona simba yeyote.

"Hii bega njo jina yako ya Dompteur?" alimuuliza. "Uibebe basi bila kulia."

Kisha malaria ikamwangusha. Alilala kitandani akitetemeka, na huko Masereka mzigo mzima wa kabichi ukaoza, kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kuendesha. Habari hiyo ilimponya kuliko vidonge. Aliona wazi kwamba bila yeye mji haupati hata mboga.

Mama Mariette aliona jambo lingine kabisa. Alilipeleka gari kwa fundi Zorobabel, akamwita Gamaliel aje asikilize. Fundi alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa mikono.

"Mama, mulipandisha motoka, mais direction, ile ya usukani, mukaiacha kule chini," alisema. "Ile bare ya kugeuza mapine inalala kama ngazi. Pine ikipanda ao ikishuka tu, bare inaisukuma kando."

"Hii motoka haina bubaya," Gamaliel akadakia. "Inataka tu mutu mwenye kuizoea."

"Na ule mutu akigonjwa, mashu yangu nayo izoee kuoza?" aliuliza mama Mariette, akikumbuka kabichi zake.

Vyuma vikaagizwa kutoka Kampala. Hapo ndipo Gamaliel alipoanza kufunga, tangu alfajiri mpaka saa sita, maana saa sita kulikuwa na maharage. Aliomba vyuma vipotee, na kama havipotei basi visilingane. Msimcheke sana. Leseni ya kuendesha wanayo wengi Butembo, na wengi wao wamekaa bure nayo mfukoni. Gari likinyooka, kila mmoja wao angeweza kuketi kwenye kiti cha Gamaliel.

Vyuma vilifika, na vililingana. Zorobabel alifungua mkono mfupi ulio chini ya usukani, akaweka mwingine uliopinda kwenda chini, ili ile bare ilale sawasawa. Viungo vya zamani vilipotolewa vilikuwa vikilialia kama maharage ndani ya kopo. Akaweka vipya, vinene, akaongeza amotisa ya kuzuia usukani usitetemeke, akanyoosha magurudumu kwa kupima na uzi.

Mchungaji Esdras alikuja kubariki kazi. Gamaliel akapanda kwa madaha, akawapungia mkono waliosimama, akaondoka. Mbele ya karakana palikuwa na shimo analolijua vizuri. Bega likafanya kazi yake ya siku zote, likavuta kulia mapema. Ila safari hii gari lilisikia na kutii. Lilienda kulia kabisa kama lilivyoambiwa, likavunja ua, likasimama katikati ya vitunguu vya jirani.

"Mumeiharibu!" Gamaliel alipiga kelele akishuka. "Mumeharibu motoka ya batu!"

Zorobabel alichungulia chini, akainuka bila haraka. "Motoka iko muzima. Ni weye unavutaka mbele ya shimo kufika."

Mama Mariette alisimama kati ya vitunguu, mikono kiunoni. "Gamaliel, tangu wakati gani ulijua kama direction iko mubaya?"

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Gamaliel aliumbuliwa na vitunguu, na watu wote walikuwa wanasikiliza. Uongo aliokuwa nao ulikuwa mwingi, lakini hakupata hata mmoja wa kufaa.

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeniweka wapi? Bashofere beko bengi."

Mama Mariette hakumtukana, na hilo lilimtia hofu kuliko tusi. Alisema neno moja tu: "Sogea." Akapanda, akashika usukani, akalirudisha gari barabarani, kisha akamwonyesha Gamaliel kiti cha pembeni, maana viazi vya Masereka vilikuwa vinangoja.

Njia nzima ya kwenda Masereka Gamaliel alikaa pembeni kama mzigo. Kila shimo lilipokaribia, bega lake lilivuta kulia bila kuombwa, na mkono ukashika hewa. Mama Mariette aliendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine akila hindi la kuchoma. Gari lilipita mashimo yote likiwa limenyooka. Gamaliel aliona aibu, na wivu juu ya aibu. Miaka yote hiyo alijiita mfuga simba, kumbe alikuwa akipigana na kipande cha chuma ambacho kingebadilishwa asubuhi moja.

Walipakia viazi, wakaanza kushuka. Ukungu ulipofunika vilima, bega lilichoka kuvuta hewa, na Gamaliel akasinzia. Hakuwa amewahi kulala ndani ya gari lile. Alipozinduka walikuwa Butembo, magunia yanashushwa, na bega halikumuuma. Alijiona mtu wa kawaida kabisa. Iliuma, ila si kama alivyokuwa akiogopa.

Mama Mariette alikuja dirishani, akamnyooshea ufunguo.

"Kesho ni weye."

Gamaliel aliutazama ufunguo. Vijana wa sokoni walikuwa karibu, na angeweza kuuchukua na kucheka kwa sauti, jina lake likabaki.

"Mama," alisema, wale vijana wakisikia, "kesho ukae pembeni yangu. Unifundishe."